Jinsi ya Kuchora Ramani ya Nchi ya Kubuni Ikaaminika

Maswali ya wanaoanza kuchora nchi zisizokuwepo ni yale yale. Nianze na nini? Mbona mito yangu inaonekana ya uongo? Miji niiweke wapi? Majina niyatoe wapi? Mwongozo huu unayajibu kwa mfuatano wa kazi yenyewe, kuanzia karatasi tupu hadi wino uliokauka. Huhitaji kipaji cha kuchora. Ramani ya kubuni humvuta msomaji pale anapohisi kwamba kila kitu kina sababu ya kuwa pale kilipo, na sababu hiyo mara nyingi ni maji. Ukiyapatia maji njia yake, misitu, majangwa, miji na mipaka havikusumbui sana. Ukianza na miji, utaishia kuchora milima ya kuziba mapengo, na jicho hulitambua hilo haraka.

Kwa hiyo usibadilishe mpangilio wa hatua, hasa zile tano za mwanzo.

Vitu vya kuwa navyo

- Karatasi mbili za A3 nzito, gramu 160 kwa mita ya mraba au zaidi, na nyingine mbili nyepesi zinazopitisha mwanga
- Penseli ya 2H kwa mistari hafifu na HB kwa mistari ya uhakika
- Penseli za rangi: buluu, kijani, kahawia
- Kalamu za wino usioyeyuka kwa maji, za milimita 0.1, 0.3 na 0.5
- Kifutio laini, rula ya sentimita 30, na uzi wa urefu huo huo wa kupimia njia zilizopinda
- Kiganja kimoja cha punje kavu au kokoto ndogo
- Daftari

Kompyuta si lazima. Ukipenda kuitumia, programu ya Inkscape inafaa kwa mistari na majina, Krita au GIMP kwa rangi. Hatua ni hizi hizi, ila kila kitu kikae kwenye tabaka lake: pwani peke yake, mito peke yake, majina peke yake.

Hatua ya 1: Amua skeli kabla ya kuchora chochote

Hii ndiyo hatua inayorukwa na wengi. Kwa ramani ya kwanza tumia sentimita 1 kwa kilomita 20, yaani 1:2,000,000. Ukiacha ukingo wa sentimita 1 kila upande wa A3, unabaki na sentimita 40 kwa 27.7, ambazo ni kilomita 800 kwa 554. Eneo hilo linakaribia Moroko kwa ukubwa. Linatosha falme mbili tatu, milima na bahari.

Kisha panga latitudo, yaani umbali kutoka ikweta kwa digrii. Digrii moja ni kama kilomita 111, hivyo kwenye karatasi yako ni sentimita 5.5. Ukurasa mzima unabeba digrii 5 tu kutoka kaskazini hadi kusini. Chagua digrii hizo, tuseme 10 hadi 15 au 40 hadi 45, uziandike pembeni kwa penseli.

Onyo: usiweke tambarare za barafu juu ya karatasi na jangwa la joto chini yake. Ndani ya digrii 5 hali ya hewa haibadiliki kiasi hicho. Ukitaka baridi, itafute kwa kupanda juu. Joto hushuka takriban nyuzi 6.5 za Selsiasi kwa kila mita 1,000 za mwinuko, ndiyo maana kilele cha Kilimanjaro kina barafu ilhali mlima wenyewe uko digrii 3 tu kusini mwa ikweta.

Hatua ya 2: Pwani

Mkono ukiachiwa uhuru huchora pwani yenye mawimbi ya ukubwa mmoja, kama pindo la kitambaa cha meza. Punje ndizo dawa yake. Zimwage kwenye karatasi nyepesi, zisogeze kwa kidole hadi upate ghuba na rasi, kisha pitisha penseli ya 2H kuzizunguka. Rudia mara tatu au nne. Chukua umbo lililokuvutia, au unganisha nusu ya moja na nusu ya jingine, kisha linakili kwenye karatasi nzito.

Sasa livuruge kidogo. Mahali ambapo tambarare inakutana na bahari, pwani huwa laini, ndefu, yenye michanga na vidimbwi nyuma yake. Mahali ambapo milima inaingia baharini, pwani huwa na meno, visiwa na ghuba nyembamba. Ghuba ndefu zenye kingo za mwinuko mkali, kama za Norwei na kusini mwa Chile, zilichongwa na barafu, kwa hiyo usizichore karibu na ikweta.

Acha nchi kavu ikatwe na ukingo wa karatasi angalau upande mmoja. Nchi inayoenea sawasawa katikati ya ukurasa huonekana imeumbwa kwa ajili ya ukurasa. Ikikatwa, msomaji anaamini kwamba dunia inaendelea huko asikokuona, na nusu ya mvuto wa ramani hizi imo humo.

Hatua ya 3: Milima

Kwa penseli ya kahawia chora uti wa mgongo: mstari mmoja mrefu uliopinda ambako safu kuu itapita, na matawi mawili matatu mafupi yakitoka kwake. Milima mingi ya dunia iko kwa safu kwa sababu hutokea pale mabamba ya ardhi yanaposukumana. Andes inafuata ukingo wa Amerika Kusini kwa kama kilomita 7,000. Mlima unaosimama peke yake unaruhusiwa ukiwa wa volkeno, lakini mmoja au miwili inatosha.

Makosa mawili yanajirudia hapa. La kwanza ni kutawanya vilele ukurasa mzima. La pili ni kuikunja safu kwa kona ya mraba ili iizunguke nchi fulani pande tatu. Safu hupinda, ila haipindi kwa ajili ya kumlinda mfalme.

Usiongeze safu ili tu mto upate pa kuanzia. Mwaka 1798 mchora ramani Mwingereza James Rennell alichora Milima ya Kong ikikata Afrika Magharibi, kwani ilisaidia kueleza njia ya Mto Niger kama alivyoielewa. Wachora ramani wengine waliinakili karibu karne nzima, hadi mpelelezi Mfaransa Louis-Gustave Binger alipopita huko mwishoni mwa miaka ya 1880 asiione. Mto unaweza kuanzia kwenye nyanda za juu zisizo na kilele hata kimoja.

Hatua ya 4: Mito

Tenga muda mwingi kwa hatua hii kuliko nyingine zote. Kanuni ni nne:

1. Maji hushuka, na hutafuta njia iliyo rahisi zaidi, si iliyo fupi zaidi.
2. Mito huungana inaposhuka. Haigawanyiki.
3. Ziwa hupokea mito mingi na hutoa mmoja. Baikal hupokea mito zaidi ya 300, na yote inatokea kwa Angara peke yake.
4. Mto huishia baharini, katika mto mwingine, au katika bonde lisilo na mlango wa kutokea. Ziwa la bonde la namna hiyo huwa la chumvi, kama Bahari ya Chumvi na Kaspi.

Kanuni ya pili ndiyo inayovunjwa zaidi. Mto unaotoka mlimani, ukagawanyika katikati ya nchi na kuishia katika bahari mbili tofauti, unaiua ramani palepale. Ndiyo, uko Casiquiare huko Venezuela, unaochukua maji ya Orinoco na kuyapeleka upande wa Amazon kupitia Rio Negro. Unajulikana duniani kote kwa sababu mito ya namna hiyo ni nadra mno. Delta, yaani mto kugawanyika mdomoni, ni jambo jingine: pale mto umefika kwenye tambarare na umepoteza kasi, mchanga unaziba njia, maji yanatafuta nyingine. Delta ikae kwenye sentimita ya mwisho au mbili, basi.

Namna ya kuchora ni kuanzia mdomoni, si kwenye chemchemi. Weka nukta ya buluu ndani ya ghuba, kisha panda taratibu kuelekea milimani. Kila baada ya sentimita 2 au 3 ongeza kijito upande mmoja, halafu upande mwingine, bila kulinganisha nafasi. Kijito kiungane na mto kwa pembe kali, ncha ya V ikielekea mto unakokwenda. V ikigeuka, mto unaonekana unapanda, na msomaji atahisi kasoro hata asipojua ni nini. Karibu na chemchemi mistari iwe mifupi na iliyonyooka. Kwenye tambarare iwe na mizunguko.

Ukimaliza mto mmoja na vijito vyake, uzungushie kwa vitone vya penseli. Vitone hivyo ndivyo mpaka wa bonde lake, na maji ya bonde jingine hayaruhusiwi kuuvuka. Endelea hadi nchi yote imegawanywa kwa mabonde. Ukiona vitone vinapita mahali ambapo hukuchora mwinuko wowote, ongeza vilima vya chini pale. Njia hii ya vitone inagundua karibu makosa yote ya mito kabla ya wino.

Hatua ya 5: Upepo, misitu na ukame

Rudi kwenye latitudo ulizoandika pembeni. Kati ya ikweta na digrii 30 upepo mkuu hutoka mashariki. Kati ya 30 na 60 hutoka magharibi. Chora mshale mmoja mkubwa ukingoni.

Fuata mshale huo kwa kidole. Upande wa mlima unaopokea upepo kutoka baharini hupata mvua: upake kijani. Upande wa nyuma hubaki kavu. Andes inaonyesha vizuri jinsi latitudo inavyogeuza mambo: kwenye digrii 25 hivi kusini, ukame wa jangwa la Atacama uko magharibi mwa milima, na mkondo baridi wa bahari unauzidisha; lakini ukienda kusini hadi digrii 45, upande mkavu ni mashariki, kwenye tambarare za Patagonia. Milima ni ile ile, ila upepo umebadilika.

Ukishapaka, futa nusu ya vijito ulivyochora upande mkavu. Mto mkubwa unaweza kuvuka jangwa ukiwa na maji ya mbali, kama Nile, lakini jangwani haupokei vijito vya kudumu.

Hatua ya 6: Miji, njia, mipaka

Kwa karatasi ya A3 miji 12 hadi 18 inatosha. Kila mmoja uandikie sababu yake daftarini, kwa maneno yasiyozidi matano. Sababu zinazokubalika ni chache: mdomo wa mto, bandari yenye kina, makutano ya mito kama Khartoum, mahali pa chini kabisa ambapo mto unaweza kujengewa daraja, maporomoko ambapo mashua hulazimika kupakua mizigo, mlango wa njia ya mlimani, chemchemi ya jangwani, machimbo. Mji usio na sababu ufute au uhamishe.

Barabara hufuata mabonde, huvuka mito penye miji, na hupanda milima kwenye vipito vya chini. Njia iliyonyooka kutoka mji hadi mji kwa rula inaonyesha nchi yenye dola imara na fedha nyingi, kwa hiyo itumie ukimaanisha hivyo.

Mipaka ya zamani hufuata mito na vilele. Mpaka ulionyooka huashiria watu waliokaa mezani na kugawana, kama mstari wa digrii 49 kati ya Marekani na Kanada. Changanya aina zote mbili, na ramani yako itakuwa na historia bila kuandika neno.

Hatua ya 7: Majina

Kwa kila jamii ya watu kwenye ramani andika silabi 20, kisha ziunganishe. Silabi na jozi za silabi kama va, miri, leno, shu, oke zitakupa Valeno, Mirishu, Okeva. Silabi kama gan, stek, hul, bra zitakupa Ganstek na Hulbra. Msomaji ataona ni watu wawili tofauti, na palipo na majina mchanganyiko atajua kuna mpaka au uhamaji. Chagua pia viambishi vya maana: kimoja cha mto, kimoja cha kivuko, kimoja cha mlima, uvirudie bila kigeugeu.

Majina yanayoeleweka moja kwa moja yana nguvu yake: Kivuko cha Chumvi, Mawe Matatu, Mlango wa Upepo. Tamka kila jina kwa sauti. Linalokushinda wewe litamshinda msomaji.

Hatua ya 8: Wino

Mfuatano ndio huu, na una sababu:

1. Majina. Andika kwa penseli kwanza, kati ya mistari miwili ya rula iliyo milimita 3 mbali, ndipo upitishe kalamu ya 0.3. Jina la mji likae kulia kwa nukta, juu kidogo. Jina la mto lifuate mpindo wake. Jina la bahari lienezwe kwa herufi zilizoachana.
2. Alama za miji, duara la milimita 2.
3. Pwani kwa 0.5.
4. Mito, 0.3 karibu na mdomo na 0.1 kuelekea chemchemi.
5. Barabara na mipaka, kwa mistari ya vipande.
6. Milima na misitu mwisho, ikikwepa herufi.

Ukianza na milima, hutapata pa kuandika, na jina lililokatwa na mistari halisomeki.

Milima ichore kuanzia ile ya chini ya karatasi ukipanda juu, ili ya nyuma ijifiche nyuma ya ya mbele. Kivuli kiwe upande wa kulia, kana kwamba mwanga unatoka juu kushoto. Kivuli kikigeuzwa, macho ya wengi huona mashimo badala ya vilele. Baharini, mistari mitatu sambamba na pwani inatosha: wa kwanza milimita 1 kutoka ukingoni, wa pili milimita 2 zaidi, wa tatu milimita 3 zaidi.

Malizia na ufunguo wa alama, mshale wa kaskazini na skeli ya mstari: sentimita 5 zilizoandikwa kilomita 100. Usitegemee tarakimu za 1:2,000,000 peke yake, kwa sababu nakala ikipunguzwa tarakimu zinakuwa za uongo ilhali mstari unapungua pamoja na ramani. Kaskazini si lazima iwe juu. Ramani ya mwanajiografia al-Idrisi ya mwaka 1154 ina kusini juu, na nchi uliyoizoea ukiigeuza hivyo utaiona kwa macho mapya.

Subiri nusu saa kabla ya kufuta penseli.

Hatua ya 9: Ramani ya pili, ya swali moja

Hapa ndipo kazi inapokuwa tamu. Ramani ya kwanza inasema vitu viko wapi. Ya pili ijibu swali moja tu, na iache mengine yote. Daktari John Snow mwaka 1854 aliweka kwenye mitaa ya Soho, London, vifo vya kipindupindu na mabomba ya maji, na mkusanyiko uliozunguka bomba la Broad Street ukaonekana. Harry Beck, katika ramani ya treni za chini ya ardhi iliyotolewa London mwaka 1933, aliacha umbali halisi akabakiza mpangilio wa vituo na maunganisho, maana abiria aliye chini ya ardhi hahitaji zaidi.

Swali zuri la kuanzia ni hili: inachukua siku ngapi kufika kutoka mji mkuu? Mwanasayansi Mwingereza Francis Galton alichora ramani ya namna hiyo kwa safari za kutoka London mwaka 1881. Weka karatasi nyepesi juu ya ramani yako, nakili pwani na miji tu, kisha tumia mwendo huu kwa siku:

- Barabara ya tambarare: kilomita 30, yaani sentimita 1.5
- Nje ya barabara: kilomita 20, sentimita 1
- Milimani: kilomita 10, sentimita 0.5
- Mashua ikishuka mto: kilomita 60, sentimita 3

Kwa uzi, fuata kila njia kutoka mji mkuu na weka alama mwisho wa kila siku. Njia ikibadilika katikati ya siku, gawanya: nusu siku barabarani ni sentimita 0.75, nusu siku milimani ni 0.25. Ukishazunguka pande zote, unganisha alama za siku 2, kisha za siku 4, za 6, na kuendelea. Paka rangi kila pete, nzito karibu na nyepesi mbali.

Pete hazitakuwa duara. Zitatanuka kando ya mito na kubanana milimani. Mji ulio sentimita 4 tu, ng'ambo ya safu, utakuwa safari ya siku 8. Bandari iliyo sentimita 12 chini ya mto utaifikia kwa siku 4. Hapo utajua nani anamtii mfalme na nani anajitawala, na huenda ukarudi Hatua ya 6 kusogeza mpaka.

Ikikwama

*Ramani inaonekana tupu.* Usiongeze miji. Ongeza vijito, vilima vya mabonde na majina ya rasi na ghuba. Eneo moja tupu kabisa liache makusudi.

*Imejaa mno.* Ondoa barabara za daraja la pili na nusu ya miti. Msitu huonyeshwa kwa miti michache kingoni mwake, ndani pakabaki patupu.

*Mto unaonekana mpana kupita kiasi.* Kwa skeli hii mstari wa milimita 0.5 ni kilomita 1. Alama zote za ramani hukuzwa, hilo si kosa, ila usizidishe hapo.

*Wino unatambaa au kusambaa.* Karatasi ni nyepesi mno au ina nyuzi. Jaribu kalamu na kifutio kwenye kipande cha pembeni kabla ya kuanza. Anayetumia mkono wa kushoto aanze kulia.

*Umekosea jina kwa wino.* Usikwangue. Kata kipande cha karatasi ile ile, andika upya, kibandike, kisha skani. Kwenye nakala ya nukta 300 kwa inchi, ukiongeza mwangaza kidogo, kingo za kipande zitapotea.

*Skani imetoka ya kijivu.* Penseli haikufutwa yote, au mwangaza wa skana uko chini. Panga nyeupe kwa kutumia kona ya karatasi isiyo na mchoro, ndipo uongeze weusi wa mistari.

*Pete za siku zinakatana.* Pete mbili haziwezi kukatana kamwe. Kuna mahali ulipima njia ndefu wakati fupi ipo. Rudi kwenye alama hiyo, pima njia zote mbili kwa uzi, ubakize yenye siku chache.